Mkono Ambao Haunyooki

Banc ya Nyawera, yaani benchi ya mtaa, haikuzaliwa banc. Ilikuwa ubao wa bodi ya lori, umelazwa juu ya rimu mbili, mbele ya gereji iliyofungwa tangu mwenyewe aliporudi Ubelgiji na yule aliyepewa ufunguo alipogundua kwamba gereji haitengenezi magari yenyewe. Hapo Maman Nsimire aliuza kahawa, kikombe kimoja kimoja, kutoka thermos mbili nyekundu, na hapo wanaume watatu walikuja kila Jumamosi asubuhi kufanya Salongo. Kwa aliyesahau, Salongo ilikuwa kazi ya taifa: kila mwananchi atoke na jembe lake, afagie, alime, azibue mifereji, na afurahi. Hao watatu walitoka na majembe kweli. Waliyaegemeza ukutani mahali ambapo chef wa mtaa angeyaona akipita, kisha kazi iliyobaki wakaifanya kwa mdomo. Jembe la mmoja wao lilikuwa bado na karatasi ya duka kwenye mpini.

Mwenye jembe hilo aliitwa Adalbert, lakini watu walimwita Tout-Terrain, yaani gari la njia zote, maana hapakuwa na mada iliyowahi kumkwamisha. Alizungumza juu ya petroli, ugonjwa wa mapafu na mavazi ya maaskofu kwa mwendo uleule, bila kubadilisha gia. Wa pili, Firmin, alikuwa Dactylo. Alikuwa amepiga mashine miaka kumi na minane katika ofisi ya zone, yaani wilaya, na hata siku ya Salongo alikuja na kalamu mbili za bic mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu. Wa tatu alikuwa mzee mwembamba wa upande wa Walungu, Papa Anaclet, muunga mifupa. Walimbandika jina la Plâtre kwa sababu hajawahi kugusa plasta maishani. Yeye alifunga viungo kwa vipande vya mianzi na kamba za mgomba. Sasa alikuwa akitengeneza viti, kwa kuwa watu waliacha kumletea mikono na miguu. Sababu ya kuacha ilijulikana Nyawera nzima: ni mkono wa kuume wa mtoto wa Nsimire, ambao Anaclet aliufunga mwaka ule nchi ilipobadilishwa jina, na ambao mpaka leo, miaka kumi na moja baadaye, haunyooki.

Asubuhi hiyo Nsimire hakungoja mtu aombe kahawa. Alimimina vikombe vitatu, akatoa barua ndani ya blauzi, akampa Dactylo.

— Soma, alisema. Polepole, Papa Anaclet asikie yote. Na weye Tout-Terrain, ufunge kinywa mupaka aseme point, nukta ya mwisho.

— Na kama kuko na virgule, ile nukta ya mukia?

— Utapumua.

Barua ilitoka Nairobi. Nsimire alikuwa ameisoma mara nne peke yake tangu Alhamisi. Masista walimfundisha kusoma vizuri. Alichokosa ni lugha ile ya ofisi, ya kuanza na heshima na kumaliza na heshima, na katikati ya heshima hizo kulikuwa na kitu alichokosa zaidi, nacho kilikuwa neno la Papa Anaclet, aliyekaa kwenye ncha ya banc akipuliza kahawa.

Dactylo alikohoa kama redio inayotafuta mawimbi, akasoma.

“Mama, nakusalimia. Mimi ni mzima. Timu ya Kenya inakwenda Uingereza mwezi wa sita, na jina langu liko katika orodha. Lakini kule Lusaka mwamuzi alinisimamisha mara saba. Anasema ninakunja kiwiko halafu ninakikunjua, kama mtu anayetupa jiwe, na sheria inakataza. Nikawaambia mkono wangu haunyooki, ulivunjika nikiwa na miaka tisa. Wamepiga picha ya mfupa, daktari ameona. Sasa kamati inataka yule aliyeufunga aeleze kwa maandishi ilivyokuwa, na daktari atayalinganisha maneno yake na ile picha. Vikilingana, nitacheza. Wakiona uongo, jina langu litatoka, na kocha amesema jina linalotoka kwa sababu hiyo haliingii tena. Kamati inakaa Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu. Mama, najua Papa Anaclet ni mtu wa heshima. Lakini umuombe akubali kwamba alikosea. Sina hasira naye. Mkono huu ndio unaonilisha. Mwanao, Théodore.”

— Point, alisema Dactylo.

Tout-Terrain akapumua.

— Ignace wa lori anaenda Kigali saa sita, Nsimire alisema. Kule kuko dereva mwenzake anafika Nairobi siku ya tatu, kamati haijakaa. Barua isipopanda ile lori, haina maana tena. Kwa hiyo leo hatuongei juu ya petroli.

Lazima isemwe jinsi mtoto wa muuza kahawa wa Bukavu alivyofika kwenye orodha ya timu ya Kenya, kwa sababu Nyawera ilikuwa na masimulizi sita ya jambo hilo na yote yalikuwa na ndege ndani. Hapakuwa na ndege. Nsimire alikuwa akifua na kupiga pasi kwa mfanyabiashara wa vitambaa, Mhindi aliyeitwa Jivraj, aliyekuwa na watoto wa kiume wawili na ua mpana wa saruji. Watoto hao walikuwa na ubao na mpira mgumu wa ngozi. Kila mmoja alitaka kupiga, hakuna aliyetaka kurusha. Basi Théodore akawa mrushaji, toka miaka sita, kila jioni, na hakuna aliyemwambia kuwa hiyo ni kazi. Siku moja mpira uliruka ukuta, akapanda kuufuata, akaanguka upande wa pili. Ndivyo mkono ulivyovunjika. Miaka mitatu baadaye duka la Jivraj lilipewa mtu mwingine kwa amri ya serikali, naye aliuza vitambaa vyote kwa wiki tatu na kufunga mlango. Jivraj alihamia Nairobi na jamaa yake. Waliomba kumchukua Théodore akasome. Nsimire alikubali, akalia siku mbili, akanunua thermos.

Kule Nairobi wale vijana waliingia klabu, na kwenye klabu pia kila mtu alitaka kupiga. Théodore akarusha. Akakua, akawa na miguu mirefu na mbio za kutisha, na ule mkono uliopinda ukafanya jambo ambalo mikono iliyonyooka haikuliweza: mpira ukigusa ardhi ulikata kona kuelekea mbavu za mpigaji. Akiwa na miaka kumi na saba wapigaji wa klabu nyingine walianza kuuliza kama atacheza kabla hawajaamua kuugua. Kumi na tisa, akavaa shati la taifa. Sasa alikuwa na ishirini.

— Kwanza tufahamu huu mchezo, alisema Tout-Terrain. Hii iko hockey.

— Hockey iko ya barafu, Dactylo akamjibu. Hii ni kriketi. Inachezwa na watu wenye suruali nyeupe, siku tano, na katikati wanakunywa chai.

— Siku tano bila kwenda kazi?

— Weye unashangaa nini? Weye uko hapa tangu sabini na tano.

Nsimire akachukua kijiko, akachora kwenye vumbi.

— Hapa kuko miti mitatu, imesimamishwa mu udongo. Mbele yake kuko mutu na ubao, anailinda. Théodore anatoka mbio kutoka kule, sawa na pale ku pharmacie, anafika hapa, anarusha. Mpira unagonga chini, unapanda. Ukiangusha miti, ule mwenye ubao anaenda nyumbani.

— Na sheria iko wapi?

— Sheria inasema mukono upite juu bila kuunyoosha njiani. Ule wa Théodore hauwezi kunyooka hata umuvute na ngombe. Anaurusha umekunjwa, unabaki umekunjwa. Hana kosa. Lakini arbitre anaona kiwiko kimepinda, anafikiri ni ujanja.

Tout-Terrain alitafakari kwa muda usiozidi kumeza kahawa.

— Ile sheria, nani aliiandika?

— Waingereza.

— Waingereza gani? Wenye mpira ao wenye ubao? Uliza vizuri. Ile iliandikwa na wenye ubao. Mutu amekaa na ubao wake, anaona kijana anakuja mbio toka ku pharmacie na mpira kama jiwe, anasema: ngoja kwanza, tuweke article ya sheria. Miye pia ningeandika.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya banc, Nsimire aliona kwamba huenda Tout-Terrain amesema kweli. Hakumpa nafasi ya kulijua hilo.

— Mambo ya sheria iko ya administration, alisema Dactylo, na bic ya bluu ilikuwa tayari mkononi. Dosari ya ile mutoto ni dossier. Dossier, faili yake, haina karatasi. Tunafanya attestation: “Mimi ninayetia sahihi hapa chini ninashuhudia kwamba mutajwa amezaliwa na mukono umepinda.” Cachet, ile muhuri, ya cellule ya chama, cachet ya paroisse ya padri, na iko nyingine ya tatu, najua kwenye inalalaka. Hakuna kamati inapita juu ya cachet tatu.

— Amewaambia ulivunjika. Daktari ameona mfupa.

— Basi tunaandika ulivunjika mu tumbo.

— Dactylo.

— Ninasema tu. Cachet tatu, Maman Théo.

— Munakosea wote, alisema Tout-Terrain, na sasa alikuwa amesimama, dalili mbaya. Hapa inatakiwa sayansi. Kule Lwiro kuko wenye elimu, wanapimaka panya, ndege, udongo, kila kitu. Waite wapime mikono ya watu wa huku. Utaona sisi wote tuko hivi. Ni jembe. Mutu analima tangu mutoto, kiwiko kinashika umbo la jembe. Tazameni.

Akanyoosha mkono. Dactylo akanyoosha wake. Hata muuza mkaa aliyekuwa akipita alisimama, akanyoosha, akatazama, akaendelea na safari yake. Mkono wa Dactylo ulikuwa umenyooka kama rula. Wa Tout-Terrain ulipinda kidogo sana, kiasi ambacho mtu angekiona kama amekwisha kuamua kukiona.

— Munaona, alisema Tout-Terrain, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli. Miye ningefika international.

— Ku mchezo gani? aliuliza Dactylo. Mbio kwanza zinakushinda mupaka ku robinet ya maji.

— Na njo maana siamini ile arbitre. Kuko mukono wa mutu nyuma. Kenya inaona mukono ni wa Zaïre, ni mali ya nje. Uingereza inaona mukono ni hatari. Watamuchukua kule, watamulalisha ku hôpitali, wataunyoosha na mashine, na watampa karatasi aweke sahihi. Akirudi hapa ananyooka kama nguzo ya posta. Dawa iko moja. Plâtre apande lori na Ignace, aende Nairobi, avunje mikono ya wote kumi na mmoja na aifunge vibaya kama alivyofunga ya Théo. Arbitre akiona kumi na mmoja wote wamepinda, atasema hii ni kabila.

Dactylo alicheka hadi kahawa ikamwagikia barua, akaifuta kwa mkono wa shati. Nsimire hakucheka. Alikuwa akimtazama Anaclet.

Mzee hakukasirika. Alikwisha kuyasikia maneno hayo kwa namna zote, miaka kumi na moja, kutoka kwa watu waliokuwa na haki ya kuyasema na wasiokuwa nayo. Aliweka kikombe chini ya banc, akajipangusa vidole kwenye suruali.

— Dactylo, andika, alisema. Andika kama Anaclet alikosea. Nitaweka kidole.

Dactylo alifungua kifuniko cha bic, akakirudisha.

— Kweli, Papa? aliuliza Dactylo.

— Mutoto ameomba kwa heshima. Andika.

Nsimire alikuwa amejiandaa tangu Alhamisi. Alikuwa na sentensi za kumwomba, za kumbembeleza, na moja ya kumtisha iwapo zile za kwanza zingeshindwa. Hakuhitaji hata moja. Alichokuja kukitafuta alikuwa amepewa, bure, kabla ya saa nne. Ilimpasa afurahi. Hakufurahi, kwa sababu katika Nyawera yote walikuwapo watu wawili tu waliojua kwamba Anaclet hakukosea, na wote wawili walikuwa hapo, mmoja akishika thermos.

Ilikuwa mwezi wa tano. Anaclet alikuwa ameufunga mkono kwa mianzi minne, akasema siku arobaini, asiuguse mtu. Lakini Jumapili ya komunio ya kwanza iliangukia katikati ya siku hizo. Mke wa Jivraj alikuwa amempa Nsimire kitambaa cheupe, kizuri, na Nsimire alikuwa ameshona shati kabla ya mtoto kuanguka, mikono myembamba, vifungo vya lulu, shati ambalo watoto wa matajiri hawakuwa nalo. Mianzi haikupita kwenye mkono wa shati. Alijaribu kuuchana mshono, akaona aibu ya kuuchana. Jumamosi mchana alimuuliza mtoto kama mkono bado unauma. Théodore alisema hauumi, maana na yeye alilitaka shati. Nsimire akaikata kamba kwa kisu cha vitunguu. Baada ya misa mtoto alicheza, na nani angemzuia siku ya komunio, na kufikia Jumatano mkono ulikuwa umevimba na kupinda. Aliporudishwa kwa Anaclet, mzee aliupapasa, akamtazama mama, akauliza: “Umeifungua?” Nsimire akajibu: “Imefunguka yenyewe.” Anaclet hakuuliza tena. Mtaa ulipoanza kusema kwamba anaharibu watoto, hakujibu. Kwa nini hakujibu, Nsimire hakuwahi kumuuliza. Alimpa kahawa bila malipo kwa miaka minane, na alijua vizuri kwamba hiyo si namna ya kuuliza.

— Naandika, alisema Dactylo. “Mimi, Anaclet, muunga mifupa, ninakubali nilikosea.” Ulikosea namna gani?

Anaclet alifikiri.

— Andika nilikuwa muzee.

— Ulikuwa na miaka makumi ine na sita.

— Andika nilikuwa nimelewa.

— Weye? alisema Tout-Terrain. Weye hata kasiksi, ile pombe ya ndizi, haujagusa. Ku arusi ya binti yako ulikunywa maji, ndizi ya watu ikabaki mu mutungi. Kuko mashahidi.

— Basi andika mianzi ilikuwa mibovu, alisema Anaclet, na neno hilo lilimtoka kwa shida kuliko yale ya kwanza.

Dactylo aliandika. Nsimire alisikia bic ikikwaruza karatasi. Alijiambia kwamba mtoto ndiye mwenye haki ya kwanza. Alijiambia kwamba mzee amekubali kwa hiari yake. Alijiambia mambo mengi mazuri, na kila moja lilikuwa na harufu ya kitunguu.

Lori la Ignace lilisimama mbele ya gereji mapema kuliko lilivyotazamiwa. Ignace alishuka, mtu mfupi, mnene, aliyekuja kwenye banc ile mara moja kwa mwezi na hakujua habari za mkono wala za mianzi. Alisalimia kila mtu kwa jina lisilo lake, akapokea kikombe, akauliza kama barua iko tayari.

— Tunamaliza sababu, alisema Dactylo. Ni juu ya mukono wa mutoto wa Maman, ulifungwa vibaya. Kamati ya Nairobi iko na picha ya mufupa, inataka maelezo.

— Ah, mukono. Miye pia, mguu huu. Ulivunjika kule kijiji ya Miti, ku daraja.

Akanyanyua suruali, akaonyesha muundi ulionyooka vizuri, wenye kovu refu. Tout-Terrain aliutazama kwa wivu.

— Alikaa na mianzi siku ngapi, ule mutoto? Ignace aliuliza.

— Arobaini, alisema Tout-Terrain. Njo kawaida.

— Siulizi kawaida. Nauliza yeye. Miye, muzee mumoja wa kule Miti alinifunga siku arobaini na tano, mupaka nikamutukana. Kisha ku hôpitali walinipiga radio, picha ya mufupa, docteur akanionyesha kwa kidole: hapa ulianza kushika, hapa ukashika. Inaonekana yote. Kama ilifunguliwa mbele ya wakati, docteur wa Nairobi ameisha kuona. Munamwandikia siku ngapi?

Dactylo alimtazama Anaclet. Tout-Terrain alimtazama Anaclet. Anaclet alikuwa akitafuta kikombe chake chini ya banc, na alikitafuta kwa muda mrefu mno kwa mtu aliyekiweka mwenyewe. Lilikuwa swali la namba tu, ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelijibu kwa vidole.

Nsimire alifunga kifuniko cha thermos mpaka kikalia.

— Kumi na saba, alisema.

— Namna gani, kumi na saba? aliuliza Dactylo.

— Futa hiyo umeandika. Chukua karatasi mupya. Papa Anaclet alifunga mianzi ine, akasema siku arobaini. Miye nilifungua siku ya kumi na saba, na kisu cha jikoni, sababu ya shati ya komunio. Mukono wa shati ulikuwa mwembamba. Mutoto alicheza, mukono ukapinda. Alipouliza nilimudanganya. Andika vile.

Kwa mara ya pili asubuhi hiyo Tout-Terrain alisimama, lakini safari hii hakuwa na pa kwenda, akakaa.

— Maman Théo, alisema Dactylo kwa sauti ya chini, hii haiandikwake. Miye nakwambia kwa uzuri. Mutu hajiandikie mwenyewe kosa mu karatasi, tena inaenda inje ya inchi. Plâtre amekubali. Jina lake limekwisha kuharibika, halina kitu inapoteza. Ya kwako iko muzima. Na Théo ataisoma mbele ya kamati. Umefikiri?

— Nimefikiri miaka kumi na moja. Nimechoka kufikiri.

— Atasema mama yangu aliuza mukono wangu kwa shati.

— Atasema kweli. Kisha atacheza. Docteur ameona siku ku mufupa, Dactylo. Tukimupa mianzi mibovu, ao ulevi wa mutu hanywi, atajua tunadanganya, na jina linatoka. Umepiga mashine miaka kumi na minane juu ya uongo ya watu wa ofisi, na haukukataa hata point moja. Leo unaogopa ukweli ya muuza kahawa?

Dactylo alitoa karatasi mpya. Aliandika tarehe kwanza, kwa mkono ule ulionyooka kama rula.

— Nimeandika. Lakini karatasi bila cachet, Maman, watasema mutu ameiokota ku njia.

Nsimire alifungua kitabu chake cha sala, akatoa picha. Alikuwa ameibeba tangu Alhamisi bila kujiambia sababu. Mtoto wa miaka tisa, shati jeupe, vifungo vya lulu, mikono yote miwili ya shati imeshuka vizuri hadi kwenye vifundo vya mikono, bila mianzi. Mshumaa ulikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kuume ulining'inia tu, kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa ashike. Ignace aliitazama, akasema mtoto ni mzuri. Dactylo aliigeuza, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Nyuma, kwa wino wa zambarau, mpiga picha alikuwa amegonga muhuri wa studio na tarehe ya siku ile.

— Iko na cachet, alisema.

— Iko nayo.

— Ya mviringo.

Akaandika kwa haraka sasa, kwa maneno mazuri, na mahali pa shati hakuficha kitu. Akasoma kwa sauti toka mwanzo hadi mwisho. Nsimire alisikiliza amesimama, mikono kifuani, akisahihisha mara mbili: si mianzi mitatu, minne, si Jumapili, Jumamosi. Kisha akaandika jina lake lote, la ubatizo na lile la karatasi za serikali, kwa mwandiko wa masista.

— Sasa aliyefunga, alisema Dactylo. Papa Anaclet. Wanataka neno lake yeye. Je, unakubali hii?

Anaclet alikuwa amepata kikombe. Hakunywa.

— Kumi na saba, alisema. Miye nilihesabu kumi na ine.

Nsimire aliweka thermos chini. Sentensi zote alizoandaa zilikuwa za jambo jingine.

— Nilipapasa, mzee aliendelea, nikasema hii haina hata wiki tatu. Nikasema kumi na ine. Kumbe ilikuwa imekaa siku tatu zaidi. Ilikuwa imeshika muzuri kuliko nilizania.

— Papa, Nsimire alisema. Nisamehe.

— Ngoja. Dactylo, iko na nafasi chini?

— Iko.

— Ongeza: mianzi ilikuwa imefungwa muzuri.

Dactylo alimtazama Nsimire. Nsimire aliitikia kwa kichwa.

— Niandike kwa herufi kubwa? Na ile bic nyekundu?

Mzee alifikiri swali hilo kwa makini kuliko alivyofikiri la ulevi.

— Hapana, alisema. Kawaida.

Dactylo aliandika kwa bluu, kawaida. Anaclet, ambaye hakujua kusoma, aliomba aonyeshwe mahali maneno hayo yalipokaa. Alipoonyeshwa, alipakwa wino kwenye kidole gumba, akakigandamiza hapohapo chini yake, taratibu, kwa uzito uleule, kama alivyokuwa akigandamiza mfupa kusikiliza kama umeingia.

Ignace alikuwa tayari ndani ya lori, injini inanguruma. Wino ulikuwa bado mbichi. Nsimire akaichukua barua kwa ncha za vidole, pamoja na picha, akavuka barabara akiipuliza hadi kwenye mlango wa dereva.